Usafishe wapi mkanda wako wa filamu? Mwongozo kamili kwa walioko Arusha na Moshi

Kilio ni kile kile. Mtu kapiga mkanda wa picha 36, kaupeleka studio ya kwanza yenye kibao cha maabara ya picha, kalipa, na baada ya siku kadhaa kakabidhiwa plastiki ya rangi ya chungwa isiyo na kitu. Fundi anasema kamera mbovu. Mwenye kamera anasema fundi mbovu. Wanabishana hapo kaunta, na hakuna hata mmoja aliyeangalia panapotakiwa kuangaliwa.

Mwongozo huu ni wa kazi moja tu: kumpima msafishaji kabla hujamkabidhi mkanda wenye picha zisizorudiwa. Ukimaliza hatua ya 6 utaweza kusema kwa ushahidi nani kakosea.

## Andaa hivi kwanza

- Mikanda miwili ya bei nafuu, ya aina moja. Kodak ColorPlus 200 au Gold 200 inatosha.
- Negativu za zamani za familia zilizotoka vizuri. Nyumba nyingi zina bahasha yake nyuma ya albamu. Hizi ni za kulinganishia, usizipuuze.
- Simu yenye skrini safi, ya kuonyesha ukurasa mweupe.
- Kioo cha kukuzia. Kama huna, lenzi ya 50mm iliyogeuzwa nyuma mbele inafanya kazi hiyo hiyo.
- Maka peni, selotepu ya karatasi na bahasha kadhaa.
- Flashi ya kubebea picha zilizoskaniwa.

## Hatua ya 1: Jua mkanda wako unataka dawa gani

Geuza kopo usome maandishi madogo. Mikanda mingi ya rangi imeandikwa C-41: Gold, ColorPlus, UltraMax, Portra, zote ni familia hiyo. Dawa yake ya kwanza, dibelopa, inatakiwa iwe nyuzi joto 37.8 na filamu ikae humo dakika 3 na sekunde 15. Kodak wenyewe wanaruhusu tofauti ya nyuzi 0.15 tu. Hiyo ni kazi ya mashine, au ya mtu mwenye subira na kipimajoto cha kuaminika. Si ya beseni nyuma ya duka.

Nyeusi na nyeupe, kama Ilford HP5 Plus au Kodak Tri-X, ina dawa zake: D-76, ID-11 na nyingine, kwa kawaida kwenye nyuzi 20. Hii ina msamaha zaidi. Mzee mwenye chumba cha giza na tenki la plastiki anaweza kukusafishia vizuri kuliko mashine kubwa.

Tahadhari: mkanda wa kawaida wa nyeusi na nyeupe ukiingia kwenye dawa za C-41 unatoka mtupu. Picha yake imejengwa kwa fedha, na blichi ya C-41 kazi yake ni kuishambulia fedha hiyo ili fiksa, dawa inayofuata, iimalizie. Hakuna wa kuirudisha. Ilford XP2 Super pekee ndiyo inayowachanganya watu: ni nyeusi na nyeupe, lakini imetengenezwa kwa ajili ya C-41 na kopo lake linasema hivyo.

Slaidi (Ektachrome E100, Velvia) ni E-6. Filamu za sinema zilizokatwa na kufungwa upya kwenye makopo madogo ni ECN-2, na nyingi zina tabaka jeusi la kaboni mgongoni. Tabaka hilo likiingia kwenye mashine ya C-41 linachafua dawa na kuharibu mikanda ya wateja wengine. Ukinyamaza kaunta na filamu ya namna hiyo mkononi, unamfanyia mwenzako ubaya. CineStill 800T imeshaondolewa tabaka hilo, hiyo haina shida.

Na kama umeokota kopo la Kodachrome kwenye sanduku la babu, usisumbuke kutafuta wa kulisafisha kwa rangi. Maabara ya mwisho duniani, iliyokuwa Kansas, Marekani, iliacha kupokea mikanda hiyo mwishoni mwa 2010.

Umemaliza hatua hii kama unaweza kusema kwa sentensi moja: "Nina filamu ya 35mm ya C-41, ISO 200, nimeipiga kwa ISO yake." ISO ni namba ya wepesi wa filamu kuhisi mwanga. Kama ni filamu pana ya 120, itaje mapema. Kuna mashine zisizoipokea.

## Hatua ya 2: Uliza maswali yanayomtoa mtu ukweli

Kutoka Mnara wa Saa wa Arusha kushuka Barabara ya Sokoine, au ukizunguka mnara wa saa wa Moshi, hutakosa studio za pasipoti na za kuprinti picha za simu. Studio ni nyingi. Zinazosafisha filamu ni habari nyingine kabisa.

Mashine kubwa ya Noritsu au Fuji unayoiona nyuma ya kaunta inaweza kuwa inasafisha karatasi za picha tu. Karatasi ina dawa zake, filamu ina zake. Studio inaweza kutoa mamia ya picha za simu kwa siku na haijagusa filamu miaka nenda rudi. Kwa hiyo ukiuliza "mnasafisha picha?" utajibiwa ndiyo, na jibu litakuwa la kweli, na halitakusaidia kitu.

Mazungumzo yanayosaidia huenda hivi:

"Habari za kazi, dada. Mnasafisha mikanda ya filamu?"
"Nzuri kaka. Ndiyo, lete."
"Mnaisafishia humu ndani?"
"Hapana, kuna mtu tunampa anaipeleka Dar."
"Sawa. Na negativu zinarudi?"
"Hapo mpaka nimuulize."

Huyo dada hajadanganya. Kakwambia kwamba studio yake ni kituo cha kupokelea, na sasa unajua mkanda wako utapita mikono mingapi. Mimi namheshimu anayesema wazi kwamba anatuma kuliko anayejifanya anasafisha. Na fundi anayekataa mkanda wako kwa sababu dawa zimechoka, chukua namba yake, huyo utamrudia.

Maswali ya kuuliza, na sababu zake:

Mara ya mwisho mmesafisha filamu lini, na kwa wiki mnapata mikanda mingapi? Dawa za C-41 zinaishi kwa kazi. Kila mkanda unaopita, mashine inaongeza dawa mpya kidogo. Mikanda isipopita, dibelopa inakaa humo inakula hewa, inachoka, maji yanapungua, na hesabu nzima inaharibika. Jibu la "mwezi wa pili huko, ila mashine nzima" ni jibu la hapana.

Mkishapata mikanda mingapi ndiyo mnaanzisha? Wengine hukusanya wiki mbili ndipo wawashe. Hilo ni zuri kwa dawa, mradi ujue utasubiri.

Umeme ukikatika mkanda ukiwa ndani? Hili watu hawaulizi, na kwetu ni la kwanza. Mkanda ukikwama kwenye dibelopa unaendelea kuiva. Unataka kusikia jenereta, au betri ya kushikilia mashine mpaka mkanda utoke. Wa tenki la mkono hahitaji umeme kwa kutikisa, ila bado anahitaji njia ya kuweka joto sawa.

Mkanda ukiharibika mnafanyaje? Desturi ya maabara nyingi duniani ni kukulipa mkanda mtupu, basi. Ndiyo maana tunapima na mkanda wa bei nafuu.

Bei ya kusafisha tu ni ngapi, ya kuskani ngapi, ya kuprinti ngapi? Taka bei tatu tofauti. Ukipewa bei moja ya jumla hutajua nini kimekosekana.

## Hatua ya 3: Omba kuona negativu, si picha

Omba kwa heshima: "Shikamoo mzee, naomba unionyeshe negativu ulizosafisha karibuni, hata vipande vyako vya majaribio." Picha za ukutani hazikwambii chochote, zinaweza kuwa za kamera ya dijitali.

Ziinue kwenye mwanga wa mlango. Weka pembeni zile negativu za familia ulizokuja nazo. Rangi ya msingi ya C-41 inatakiwa iwe chungwa iliyo angavu na sawia kutoka mwanzo mpaka mwisho. Ukiona mawingu ya maziwa, madoa ya matone yaliyokauka, au mistari mirefu inayofuata urefu wa filamu, umeshajua kwamba usafi wa maji na roli hauangaliwi. Kiangazi cha Arusha vumbi ni jingi. Anayekausha mikanda chini ya feni dirisha likiwa wazi, mwambie asante uondoke.

## Hatua ya 4: Piga mkanda wa majaribio

Usipige hovyo. Kila picha iwe na kazi yake:

1. Anga tupu la buluu, picha mbili tatu. Sehemu isiyo na kitu ndiyo inayofichua mikwaruzo, vumbi na michirizi.
2. Uso wa mtu kwenye kivuli cha mchana. Rangi ya ngozi ikienda kijani au zambarau utaiona mara moja.
3. Kitu kimoja kwa mwanga sahihi, kisha kwa stopu moja zaidi (mwanga mara mbili), kisha stopu moja pungufu (mwanga nusu).
4. Bango au gazeti lenye maandishi, kamera ikiwa imetulia. Hii ni ya kupima ukali wa skani.

Zilizobaki piga utakavyo. Mlima asubuhi, bodaboda, chochote.

Mkanda wa pili upige vile vile, kamera ile ile, siku hiyo hiyo, uende kwa msafishaji wa pili. Bila wa kulinganisha naye, huwezi kujua kasoro ni ya kamera au ya dawa.

Tahadhari: usiuache mkanda kwenye dashibodi ya gari. Joto la Moshi la saa nane mchana linaharibu rangi za filamu iliyokwisha kupigwa. Kama hutaupeleka mara moja, uweke kwenye friji ndani ya kikopo cha plastiki kilichofungwa, na ukiutoa usikifungue mpaka kiache ubaridi, vinginevyo unyevu utaganda juu ya filamu.

## Hatua ya 5: Kabidhi kwa maandishi

Bandika selotepu ya karatasi kwenye kopo uandike: jina, simu, C-41, ISO 200, kawaida. Neno "kawaida" linamwambia fundi asiongeze wala kupunguza muda. Kama ulipiga filamu ya 400 kwa 800 makusudi, andika hapo "sukuma stopu 1" na uhakikishe anafahamu, kwa sababu mashine nyingi zimewekwa muda mmoja tu.

Kwenye risiti waandike mambo matatu: negativu zote zirudi, zikatwe vipande vya picha 6, na zisikunjwe. Hata mkanda ukionekana mtupu, uutake. Mkanda mtupu uliotupwa kwenye ndoo ya studio umekwenda na ushahidi wako wote.

## Hatua ya 6: Soma ukingo wa negativu

Hapa ndipo kazi yote ilipo, nenda taratibu.

Usianze na printi. Mashine ya kuprinti hurekebisha mwanga na rangi yenyewe, na inaweza kuficha negativu mbovu au kuiharibu negativu nzuri.

Fungua ukurasa mweupe kwenye simu, ongeza mwanga mpaka mwisho, shika negativu kwa kingo, uiinue sentimita tano hivi juu ya skrini. Ukiilaza juu ya kioo utaona vitone vya skrini badala ya picha.

Sasa acha picha zenyewe. Tazama ukingo, pale kwenye matundu. Kuna jina la filamu na namba: 1, 1A, 2, 2A, zinaendelea. Kodak, Fujifilm na Ilford huyapiga maandishi hayo kwa mwanga kiwandani, kabla filamu haijaingia kwenye kopo. Kamera yako haiyagusi. Yanajitokeza pale tu dawa inapofanya kazi yake. Kwa hiyo ukingo unamshuhudia fundi, na picha zinaishuhudia kamera.

Ukingo mkali, picha hamna. Fundi yuko salama. Filamu haikuvutwa ndani ya kamera, au shata haifunguki, au kifuniko cha lenzi hakikutolewa. Nenda kamuombe radhi.

Ukingo mkali, picha hafifu. Mwanga ulikuwa mdogo. Angalia mita ya kamera na namba ya ISO uliyoweka.

Ukingo hafifu, picha hafifu. Hii ndiyo unayoitafuta. Dibelopa imechoka, au ilikuwa baridi, au muda haukutosha. Linganisha na ukingo wa negativu za familia, tofauti utaiona bila kioo. Filamu iliyopitwa na wakati miaka mingi nayo inaweza kutoa sura hii, ndiyo maana mkanda wa majaribio unatakiwa uwe mpya.

Ukingo hamna, picha hamna, plastiki nyangavu. Mkanda haukupata dibelopa kabisa, au fiksa ilitangulia. Au ni nyeusi na nyeupe iliyoingia kwenye C-41. Vyovyote iwavyo, si kamera.

Nyeusi kote, mpaka kwenye matundu. Mwanga uliingia filamu ikiwa wazi. Uliza nani alifungua kopo, na wapi. Ila kama wewe ndiye uliyefungua mgongo wa kamera kabla ya kurudisha filamu kwenye kopo, unajua jibu.

Nzito, imefifia, ina rangi ya matope au maziwa. Blichi au fiksa haikumaliza kazi. Habari njema: hii inarekebishika. Irudishe, waipitishe tena kwenye blichi na fiksa mpya. Picha imo humo. Watu wengi huzitupa negativu hizi bure.

Mistari iliyonyooka inayokata picha zote. Ni mchanga kwenye roli, kwenye kamera, au mdomoni mwa kopo. Kama mkanda uliokwenda kwa msafishaji wa pili hauna mistari hiyo, kamera imeachiwa huru.

Mwishowe tazama ulimi wa filamu, kile kipande cha mwanzo ulichokivuta wakati wa kuweka kwenye kamera. Kilipigwa na jua zima, hivyo kinatakiwa kiwe cheusi tii. Kwa nyeusi na nyeupe, kilaze juu ya gazeti mchana. Ukisoma habari kwa raha kupitia ulimi huo, dawa ilikuwa dhaifu.

Msafishaji amefaulu iwapo maandishi ya ukingoni yanasomeka kama yale ya negativu za familia, anga halina mistari wala madoa, na zile picha tatu za hatua ya 4 zinapishana kwa mpangilio: ya mwanga mwingi ni nzito zaidi kwenye negativu, ya mwanga mdogo ni nyepesi zaidi.

## Hatua ya 7: Pima skani peke yake

Anaweza kusafisha vizuri na kuskani vibaya. Yatenganishe.

Uliza upande mrefu una pikseli ngapi. Picha ya sentimita 10 kwa 15 inahitaji kama 1800 kwa 1200. Ukitaka A4 safi, tafuta kama 3500 upande mrefu. Kisha fungua ile picha ya gazeti uikuze. Herufi zikiwa na mpaka mweupe pembeni, mashine imezidisha ukali, waombe waupunguze.

Usikubali kutumiwa picha kwa WhatsApp kama picha za kawaida, zinabanwa na kupoteza ubora. Peleka flashi, au watume kama dokumenti.

Skani ikiwa mbaya na negativu ni nzuri, usimwache msafishaji huyo. Lipia kusafisha tu, uskani kwingine. Negativu nzuri unaweza kuiskani tena hata mwakani, ila iliyoharibika kwenye dawa haina marudio.

## Hatua ya 8: Kama hakuna aliyefaulu, tuma mbali

Utarudia maswali yale yale kwa simu, Dar es Salaam, Nairobi au kwingineko. Hatari mpya ni skana za mizigo. Filamu ambayo haijasafishwa inaumia na eksirei, na mashine mpya za CT, zinazopiga eksirei pande zote, ni kali zaidi, hasa kwa ISO 800 kwenda juu. Iliyokwisha kusafishwa haidhuriki.

Kwa hiyo mzigo wa kwenda Dar nautuma kwa basi, na risiti ya mzigo mkononi na namba ya dereva. Kopo liwe ndani ya kitu kigumu, liandikwe: "Filamu iliyopigwa, haijasafishwa. Usiweke juani."

Ukimpa msafiri anayepitia KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, mwambie mambo mawili. Filamu ikae kwenye mfuko wa plastiki wa kuonekana, ndani ya begi la mkononi, kamwe isiingie kwenye begi la chini ya ndege ambako skana zina nguvu zaidi. Na aombe ikaguliwe kwa mkono, kwa upole, kabla begi halijawekwa kwenye mkanda. Anayeunganisha ndege Schiphol, Amsterdam, ajue kwamba mashine za pale za mizigo ya mkononi ni za CT.

Waongoza watalii, hili liwafae wageni wenu: mgeni anayeshuka Kilimanjaro na mikanda saba, kama una msafishaji uliyempima, asafishe kabla ya kuruka.

## Hatua ya 9: Weka kumbukumbu, kisha hifadhi

Kwenye kila bahasha andika tarehe, aina ya filamu, kamera, aliyesafisha na ulichokiona ukingoni. Mafundi huhama na dawa hubadilishwa. Mwenye sifa nzuri mwaka jana anaweza kuwa ameishiwa leo, na bahasha ndizo zitakazokuonyesha ukingo ulianza kufifia lini. Ukikaa miezi mingi bila kwenda kwake, mpe tena mkanda wa bei nafuu kwanza.

Negativu zikae kwenye karatasi zake maalumu, zimelala, ndani ya sanduku la kadibodi, kabatini juu. Usizifunge kwenye nailoni: masika unyevu unanasa humo na ukungu unakula picha.